Kulisha Samaki wa Mama Wilfried

Lusenda, Jumapili 17 Septemba 2023

Nina miaka sitini na mitatu, na arobaini na minne kati ya hiyo nimeiishi nje ya Burundi. Thelathini na sita ilikwenda Tanzania, tangu 1972 nilipovushwa mpaka nikiwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Minane imekwenda hapa Kongo. Katikati nilirudi kwetu Rumonge nikakaa miaka saba. Naiweka hesabu hii mwanzoni ili nisiirudie kila ukurasa, maana msimu huu nataka kuandika habari za samaki.

Waliletwa jana kutoka Uvira kwa pikipiki, ndani ya bidoni, madumu mawili ya njano, mdomo umezibwa kwa majani ya mgomba. Kila mmoja hazidi urefu wa njiti ya kiberiti. Hatukuwamwaga. Tuliziacha bidoni zielee bwawani mpaka maji ya ndani na ya nje yakawa na joto moja, kisha tukaziinamisha, nao wakatoka wenyewe, wachache wachache, kama watoto wanaotoka darasani wasioamini kwamba wameruhusiwa.

Bwawa ni la Mama Wilfried, mjane wa Kibembe mwenye shamba la michikichi nyuma ya kambi yetu ya wakimbizi. Jina lake ni Pulchérie, ila tangu alipomzaa kifungua mimba wake hakuna anayelitumia. Zamani hapo palikuwa na shimo la maji ambamo wanawake wa jirani walilowesha mihogo michungu mpaka sumu iitoke. Mimi niliomba nilipanue, nikajenga kingo, nikavuta mfereji kutoka kijito cha juu. Ardhi yake, kazi yangu, samaki nusu kwa nusu.

Binti yangu Jocelyne na mumewe wamejiandikisha kurudi Burundi mwezi wa kwanza, malori yatakapokuja. Anataka na mimi niandikishe jina. Nimemwambia angoje: samaki hawa wakifika kuvuliwa, nina kazi ya kunibakiza hapa; wakifa, nitapanda lori pamoja naye.

Alinijibu: “Baba, mtu hangoji samaki wamwambie kwao ni wapi.”

18 Septemba

Nimewapa pumba za mchele, kiganja kimoja. Hawakuja.

21 Septemba

Wamekuja. Ninagonga kopo pembeni mwa kingo, pahali pale pale, asubuhi na jioni, kisha narusha pumba zilizochekechwa. Kwanza maji yanatetemeka, halafu vinaonekana vinywa, vidogo kama matone ya mvua yanayotoka chini kwenda juu. Nilisimama pale kupita muda wa kazi.

26 Septemba

Isidore, shemeji yake Mama Wilfried, amekuja kutazama. Ni mvuvi wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, mtu mrefu mwenye mikono iliyopasuka kwa kamba, na ana timu ya mitumbwi miwili. Alikaa juu ya kingo yangu bila kuombwa, akanitazama nikilisha mpaka nilipomaliza.

“Muzee, na usiku unabafunika blanketi?”

Nilimweleza kwamba maji haya hayana chakula cha kutosha. Akasema yeye ana miaka arobaini ndani ya ziwa na hajaona samaki inangoja sahani. Wanaume wawili waliokuwa wakipita na nyavu walicheka, na kufikia jioni nilikuwa nimepata jina: Mupishi wa Samaki. Jocelyne alilisikia kisimani. Amenieleza kwa sauti ya mtu aliyepata ushahidi.

Simpendi Isidore. Ana sauti ya mtu aliyezaliwa mahali anapoishi.

3 Oktoba

Maji bado meupe mno. Kipimo ni mkono: unauzamisha mpaka kwenye kiwiko, kiganja kikiwa wazi. Ukikiona kiganja chako, maji yana njaa. Yakiwa ya kijani kiasi cha kukificha, samaki wana malisho hata siku usipokuja. Leo nimehesabu vidole vyangu vyote. Nimeongeza samadi ya mbuzi kwenye uzio wa miti ulio pembeni mwa bwawa, irutubishe maji.

9 Oktoba

Mvua ya kwanza ya maana. Vumbi lililokuwa juu ya ziwa tangu Juni limeoshwa, na milima ya Burundi imeonekana yote, mpaka mistari ya mashamba. Wanawake wa kambi walisimama nje wakinyoosha vidole. Nami nilitazama. Ni milima mizuri.

10 Oktoba

Kumbikumbi. Nimeweka taa juu ya beseni, na asubuhi samaki wamekula vizuri kuliko sisi.

16 Oktoba

Mdiria, yule ndege mwenye mdomo kama kisu, amehamia kwenye mchikichi wa kaskazini. Nimetandaza kamba juu ya maji, huku na huku. Isidore alipoziona aliniuliza kama samaki nao wanafua nguo. Lakini kamba zenyewe ni zake: nilimwomba Mama Wilfried, yeye akamwomba Isidore, naye akatoa nyavu kuukuu nizifumue. Nayaandika yote mawili.

24 Oktoba

Kiganja kimepotea. Maji ni ya kijani kama majani machanga ya maharage. Nilimwita Mama Wilfried azamishe mkono wake. Alicheka, akasema ni mara ya kwanza anaona mwanaume anafurahia maji machafu.

2 Novemba

Samaki wana urefu wa kidole cha kati. Wanakula majani ya viazi na ya mhogo yaliyokatwa laini. Pumba zinakwisha, mashine ya mchele ya jirani imeharibika, na mvua imeziba barabara ya kwenda kwingine. Nililalamika sana kwa Mama Wilfried, pengine kuliko ilivyofaa. Nilisema watadumaa. Yeye alikuwa akikamua mawese, akaitikia tu “ee, Muzee” na kuendelea. Nikadhani hanisikilizi.

8 Novemba

Mvua siku nne mfululizo. Kijito cha chini, ambako sasa wanawake wanaloweshea mihogo, kimefurika.

12 Novemba, Jumapili

Nataka kuandika leo, kabla sijaanza kuitengeneza habari hii ili nionekane vizuri ndani yake.

Ijumaa nilipanda pikipiki kwenda mjini Baraka kutafuta vumbi la ndagala, lile linalobaki chini ya vichanja vya kuanikia. Wauzaji hulifagia na kulitupa. Kwa samaki ni chakula bora kuliko pumba. Nililipata, gunia zima. Jioni tukaambiwa mto umepita juu ya barabara, nikalala Baraka siku mbili kwa mtu wa kanisa letu. Sikuwa na wasiwasi. Mama Wilfried alikuwa akilisha.

Leo asubuhi nimefika moja kwa moja bwawani, gunia likiwa bado begani. Kabla sijaona maji nilisikia harufu. Kila mtu wa mwambao huu anaijua harufu ile, chachu na nzito, ya mihogo iliyoanza kulainika. Nikasema moyoni, si hapa. Kisha nikafika kwenye kingo.

Samaki wote walikuwa juu. Hawakuwa wakila. Vinywa vyao vilikuwa vimebandikwa kwenye ngozi ya maji, wakivuta hewa, wamejaa kutoka kingo hii hadi ile, na baadhi walikuwa tayari wamelala ubavu. Chini yao, kwenye kina, kulikuwa na magunia manne yaliyozamishwa kwa mawe.

Niliingia na nguo zangu. Nikatoa gunia la kwanza na la pili. La tatu likapasuka mikononi, mihogo ikamwagika. Nikafungua mfereji wa juu wote, lakini maji mapya yalikuwa yanaingia kama mkojo wa mbuzi na bwawa ni kubwa. Nilijua kinachotakiwa: hewa, na upesi. Sikujua niipate wapi.

Isidore alikuwa chini kwenye njia, akishona wavu. Nilimwita. Sijawahi kumwita hivyo, kwa jina, bila salamu. Alikuja, akatazama mara moja, wala hakufanya mzaha. Nilimwambia maji yamekosa hewa, nahitaji yapigwe.

“Kupigwa kama tunavyofukuza samaki kuingia mu wavu?”

Nikasema ndiyo, hivyo hivyo, bila kuacha.

Alikimbia. Alirudi na makasia na watu wake wanne, na kwa kuwa kanisa la Mama Wilfried liko jirani na ibada ilikuwa imeshaingia kwenye matangazo, makelele yaliwatoa wanawake wote nje. Wakaja na vitenge vyao vya Jumapili. Mmoja aliingia majini na viatu. Wengine walipewa makasia, wengine walitumia mabeseni, wengine viganja. Wavuvi walishika mdundo wao wa ziwani, watatu huku, wawili kule, na wanawake wakaufuata, na bwawa likachemka likawa jeupe. Mama Wilfried alikuwa katikati, maji yakimfika kifuani, akipiga kwa sufuria. Tulipiga mpaka jua likawa juu ya vichwa. Kidogo kidogo vinywa vikaanza kuzama.

Waliokufa tumewatoa kwa beseni. Nadhani ni theluthi, labda zaidi.

Hapo ndipo niliposema. Nilikuwa nimesimama juu ya kingo, nimelowa, na watu wote wananisikia. Nilisema, “Kwetu hakuna mtu anayelowesha mihogo ndani ya maji ya samaki.”

Mama Wilfried aliweka sufuria chini.

“Kwenu njo wapi, Muzee?”

Akaendelea, bila kupaza sauti, akikamua kitenge chake. “Hii shimo ilikuwa ya mihogo ya bamama mbele ya we kufika. Tulikupatia. Tangu ile siku tuko natembea mpaka kule chini na magunia kichwani, sababu ya samaki yako. Hakuna mwenye alilalamika. Sasa mto imejaa, batoto banasikia njaa, nikasema tuweke hapa mara moja tu. Na we njo ulisema pumba imeisha. Mi niliwaza samaki batakula mihogo, kama mbuzi. Niliwaza nakusaidia.”

Isidore alikuwa akikusanya makasia, akitazama kwingine, kwa adabu ambayo sikuitegemea kwake.

Nilichukua gunia langu la vumbi la ndagala na kwenda nyumbani.

13 Novemba

Sikwenda bwawani. Jocelyne alinipikia uji. Jioni alisema tu kwamba ofisi ya kujiandikisha iko wazi mpaka Ijumaa.

14 Novemba

Nimekaa na maneno ya mama yule siku mbili.

Mwaka 2008 niliporudi Rumonge, nilikuta familia nyingine katika nyumba ya baba yangu. Walikuwa watu wema. Tuligawana shamba kwa amani, mbele ya wazee wa mlima, ndivyo kijiji kinavyoitwa Burundi. Kila nilipopita kwao walinitolea kiti, kiti kile kile kizuri cha mbao, na kinywaji, na hakuna neno baya lililotoka kinywani mwao kwa miaka saba. Majirani wote walikuwa hivyo. Niliheshimiwa kama maiti. Sikuwahi kufanya kosa lililomuudhi mtu kiasi cha kuniambia.

Jumapili nimegombezwa mbele ya kanisa zima na mwanamke aliyelowa mpaka shingoni. Mgeni hagombezwi. Mgeni anasemwa akishaondoka.

Na alikuwa na haki. Nilipima maji kwa mkono, nikapima pumba, nikapima samaki, sikupima njia ya kwenda kijito cha chini ikiwa na gunia kichwani.

15 Novemba

Nimekwenda. Mama Wilfried alikuwa amekaa kwenye kingo na kikombe cha pumba alichokopa sijui wapi.

“Banakungoja,” alisema. “Mi nimegonga kopo, bamekataa.”

Nililisha vumbi la ndagala. Walikuja wakiwa na woga, wakakaa mbali, lakini walikuja. Kisha nikamwomba msamaha, kwa maneno, kama inavyotakiwa. Akasema mihogo yenyewe imeharibika, kwa hiyo tumehasirika wote, tunafanana.

Nimemweleza ninachofikiri: tuchimbe shimo jingine chini ya bwawa, kule maji ya bwawa yanakomwagikia. Maji ya samaki yaende kwenye mihogo, yasirudi. Maji yale ya kijani yana joto. Mihogo italainika upesi kuliko kijitoni. Alifikiri, akauliza nani atachimba. Nikasema mimi.

Alinitazama mabega, akasema atamwambia Isidore.

17 Novemba

Ijumaa. Ofisi imefungwa bila jina langu. Jocelyne anasema wanaweza kuongeza watu mpaka siku ya malori, huwa wanaongeza. Hajakata tamaa, wala mimi sijamwambia akate.

27 Novemba

Mwezi mpevu. Siku hizi ndagala hawaifuati taa ya mtumbwi, kwa hiyo wavuvi wako nchi kavu, wanashona nyavu na kugombana na wake zao. Isidore amekuja na timu yake na majembe. Tumechimba tangu asubuhi. Ananipa kazi za kizee, kunyoosha kamba na kupima mteremko, na mimi namkatalia, na yeye ananikatalia. Wakati wa kula aliniuliza kama ni kweli nimesoma vitabu vyote hivyo watu wanavyosema. Nikasema vingi. Akauliza kama kuna hata kimoja cha kulisha samaki. Nikasema vipo, na vinasema usiweke mihogo. Alicheka mpaka akaweka bugali chini.

29 Novemba

Shimo la mihogo limekwisha. Tumelijengea ngazi tatu za mawe, ili mtu ashuke na gunia bila kuteleza. Wanawake wamelijaza siku hiyo hiyo.

3 Desemba

Mihogo imelainika kwa siku tatu badala ya nne. Mama Wilfried anatangaza habari hii kana kwamba wazo lilikuwa lake. Namwachia.

10 Desemba

Mvua. Nimelisha chini ya mwavuli. Walikula.

19 Desemba

Wanafika upana wa kiganja. Wale walionusurika wana nafasi zaidi, na wanakua upesi. Ni hesabu ya kikatili lakini ndiyo hesabu. Sasa wanawake wanapokuja kutoa mihogo yao huniletea maganda ya mapapai, majani ya viazi, makombo ya mchele. Imenibidi niwe mkali. Wamama wanapenda kulisha kupita kiasi, na chakula kisicholiwa huoza chini. Leo nimemrudisha mmoja na beseni lake zima. Alinung'unika njia nzima kwamba mzee wa Burundi ni mchoyo, tena kwa chakula kisicho chake. Nililala vizuri.

25 Desemba

Krismasi. Ibada kwetu kambini, kisha wali na maharage kwa Mama Wilfried. Jocelyne alikuja na mumewe na watoto. Isidore aliwaonyesha watoto bwawa na kuwaambia kwamba babu yao ni mupishi mukubwa na samaki wote wanamjua jina. Nilimtazama Jocelyne akisikiliza. Alikuwa anatabasamu, na tabasamu lake lilikuwa la mtu anayepoteza hoja.

6 Januari 2024

Kuna mashimo ya mviringo kwenye tope la upande wa maji mafupi, safi kama sahani zilizooshwa. Dume huyachimba kwa kinywa, jike atagie humo, na kuyalinda. Sikutegemea mapema hivi.

15 Januari

Nimeona jike akiwa na wingu dogo jeusi la vifaranga mbele ya uso wake. Kivuli changu kilipowafikia, alifungua kinywa na wingu lote likaingia ndani. Nilikaa chini ili nisimtishe tena.

Hawa hawakuletwa na pikipiki.

21 Januari

Malori yatakuja Jumanne ya tarehe thelathini. Tumekubaliana tuvue Jumamosi, Jocelyne akiwa bado hapa.

27 Januari, Jumamosi

Tumevua. Mwezi ni mpevu tena, kwa hiyo Isidore alikuwepo na watu wake na wavu wa kukokota. Tulipunguza maji asubuhi, wakaingia wawili kila upande, polepole, kamba ya chini ikifagia tope. Mimi nilisimama kwenye mfereji nikisema yaleyale mara mia: wadogo warudi. Isidore alisema amesikia, Muzee, hata samaki wamesikia.

Wavu ulipofika kingo ulikuwa unaruka. Nilikuwa nimeyaona haya kwenye vitabu, kwa picha. Samaki wa kiganja, na wengine wa kiganja na nusu, wanene, migongo ya kijivu na vifua vyekundu kidogo. Mama Wilfried aliwachagua kwa mikono yake: huyu beseni, huyu majini, huyu beseni. Aliwagawia kwanza wale wanawake waliopiga maji siku ile, mmoja mmoja, kabla ya kugawana na mimi. Hakuniuliza. Ningesema ndiyo.

Isidore alipewa mkubwa kuliko wote. Alimgeuza huku na huku kama mtu anayetafuta kasoro, akamchoma pale pale kwenye moto wa matawi ya mchikichi. Sote tulingoja. Alitafuna kwa muda mrefu.

“Iko na mafuta kushinda ya ziwa,” alisema mwishowe, na akaonekana kuumia.

Jocelyne alikula na watoto. Alipomaliza aliosha mikono yake kwenye mfereji, akaja kusimama karibu nami. Alisema hatanisumbua tena na habari za lori. Akaniuliza tu nani atakayenipikia.

Nikamwambia nimejifunza, nina jina la mpishi.

Alicheka, kisha akalia, nami nikalia, na Mama Wilfried akawafukuza watu wote waliokuwa wakitutazama.

30 Januari, Jumanne

Malori yameondoka asubuhi. Jocelyne amechukua samaki waliokaushwa kwa moshi, wamefungwa kwenye majani, na mche wa mchikichi ambao Mama Wilfried alimlazimisha abebe. Mjukuu wangu mdogo alipunga mkono upande usio wangu, kwa kuwa alikaa kinyume. Nilisimama mpaka vumbi likatua. Inauma, na itaendelea kuuma. Siandiki hapa ili kusema vingine.

Kisha nilikwenda bwawani, maana wadogo hawa wa sasa wanahitaji pumba laini zaidi, zichekechwe mara mbili, na hakuna mwingine anayejua ungo upi. Wanawake wawili walikuwa kwenye ngazi za shimo la chini wakitoa mihogo. Walinisalimia bila kuinuka.

Nimelisha. Kesho nitaziba ufa mdogo wa kingo ya mashariki. Sitarudi Burundi.